Ngano inavyojilinda, na Ug99 ilivyoipiga chenga

Wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuongelee chapati. Mwaka 1998 kule Uganda ilikutwa kutu ya shina ikishambulia ngano ambayo ilikuwa haitakiwi kuugua kabisa. Ugonjwa huu unaletwa na ukungu: shina linatoka madoa kama chuma kilichonyeshewa, halafu linavunjika. Mgeni huyo akabatizwa Ug99.

Kwa nini ilikuwa haitakiwi kuugua? Hapo ndipo penye utamu. Mmea hauna damu wala chembe nyeupe za kuzunguka zikisaka adui. Kila seli inajilinda yenyewe. Juu yake kuna protini zinazonusa kaitini, malighafi ya ukuta wa ukungu. Lakini ukungu nao mjanja, unapenyeza protini zake ndani ya seli kuzima kengele. Ndani sasa inakutana na walinzi wengine, familia ya protini ziitwazo NLR.

Chukua Sr35, jeni iliyotambuliwa mwaka 2013. Protini yake ikiinasa protini moja maalum ya kutu, zinajikusanya tano tano na kutengeneza tundu kwenye utando wa seli. Kalisiamu inamiminika ndani, seli inakufa. Ndiyo, inajiua! Kutu inaishi kwa kula seli zilizo hai, sasa ikizungukwa na maiti inakufa njaa. Umbo hilo la tano lilichapishwa mwaka 2022, yaani juzi tu.

Tatizo, mlinzi wa namna hii anamjua adui kwa sura. Ngano nyingi duniani zilitegemea jeni moja, Sr31, iliyotolewa kwa rai, nafaka ndugu yake. Ug99 ikaipita. Kenya 2001, Ethiopia 2003, Yemen 2006, Iran 2007, upepo ukibeba mbegu za ukungu. Tena 2006 huko huko Kenya ikakutwa aina inayoishinda na Sr24. Kwangu mimi, kuweka mlinzi mmoja getini dunia nzima ilikuwa kamari.

Siku hizi watafiti wanarundika jeni kadhaa kwenye ngano moja. Mwaka 2021 walichapisha yenye tano zilizopangwa pamoja, Sr35 ikiwemo, ili kutu ilazimike kubadilika mara nyingi kwa mpigo. Nchi kibao hupeleka ngano zao Njoro, Kenya, zikajaribiwe mbele ya kutu yenyewe. Mdau wa Njoro au Narok, shambani hali ikoje? Tupe habari hapo chini.