Jinsi msongo wa mawazo unavyochochea makali ya soriasisi

KWA baadhi ya watu, dhiki ya moyo haiishii moyoni. Hujitokeza kwenye viwiko, magotini na kichwani, ikawa mabaka mazito yenye magamba meupe yanayowasha na kupukutika.

Hao ni wagonjwa wa soriasisi, maradhi sugu ya ngozi ambayo, kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2016, yanawasumbua watu wasiopungua milioni 100 ulimwenguni.

Wengi wao husema kwamba mabaka huchacha nyakati za matatizo: mtihani unapokaribia, kazi inapopotea, ndoa inapoyumba au msiba unapobisha hodi. Je, kauli hiyo ina mashiko kitaalamu, au ni dhana tu?

Ili kulijibu swali hili, ni sharti kwanza tuyafahamu maradhi yenyewe.

Ngozi ya binadamu hujiumba upya kila uchao. Chembechembe huzaliwa katika tabaka la chini, zikapanda polepole hadi juu, na hatimaye hupukutika bila ya mtu kutambua. Safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Kwa mgonjwa wa soriasisi, safari iyo hiyo hukamilika kwa siku tatu hadi tano hivi. Chembechembe hizo, kwa kukosa muda wa kuondoka, hurundikana na kuwa magamba.

Chanzo cha pupa hii ni mfumo wa kinga. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupambana na viini vya maradhi, hupotoka na kuishambulia ngozi wanayopaswa kuilinda. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kasoro hii hutokana kwa kiasi fulani na urithi, ingawa si kila aliyeirithi huugua. Aghalabu huhitaji kitu cha kuiamsha.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu unaotajwa katika vitabu vingi vya utabibu hauonekani kwa urahisi. Mabaka huwa ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokoza, na yanapopoa huacha madoa. Ndiyo maana ni rahisi mgonjwa kutibiwa kwanza mapunye au ukurutu kabla ya ugonjwa halisi kutambuliwa.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapokumbwa na hofu au dhiki, ubongo huuamuru mwili ujiandae kwa mapambano. Tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio na misuli hukaza. Katika hali ya kawaida, kotisoli hutuliza pia uvimbe mwilini, na hatari inapopita kila kitu hurejea mahali pake.

Tatizo huzuka dhiki isipokoma. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba kuna wagonjwa wa soriasisi ambao miili yao hutoa kotisoli kidogo kuliko inavyotarajiwa wanaposongwa na mawazo. Hivyo basi, breki ya uvimbe hulegea wakati ambapo inahitajika mno.

Njia ya pili hupitia kwenye neva. Ncha za neva zilizotapakaa ngozini huachilia kemikali zinazoamsha chembe za kinga zilizo karibu. Chembe hizo nazo hutoa protini za kuchochea uvimbe, mojawapo ikiitwa interlukini-17, ambazo huifanya ngozi ijizalishe kwa kasi.

Madaktari wamewahi kunakili visa vya wagonjwa ambao neva za sehemu fulani ya mwili zilikatika kwa jeraha au upasuaji, na mabaka ya sehemu hiyo yakatoweka. Hisia ziliporejea, mabaka nayo yakarudi. Visa hivyo ni ishara kwamba neva zina mkono wake katika maradhi haya.

Tusiyatie chumvi

Hata hivyo, kuna haja ya tahadhari. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la British Journal of Dermatology ulikusanya tafiti 39 zilizohusisha zaidi ya wagonjwa 32,000. Asilimia 46 waliamini kwamba ugonjwa wao huchochewa na msongo wa mawazo, na asilimia 54 walikumbuka tukio la kusumbua moyo lililotangulia.

Lakini watafiti hao walibainisha kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ilitegemea kumbukumbu za wagonjwa. Mtu ambaye mabaka yamemchachia leo ni mwepesi wa kukumbuka ugomvi wa juma lililopita, ilhali huenda aliwahi kugombana mara nyingi bila ya ngozi yake kubadilika.

Msongo wa mawazo, basi, ni kichocheo kimoja miongoni mwa vingi, wala si mzizi wa ugonjwa. Maambukizi ya koo, majeraha ya ngozi, pombe na sigara pia huyaamsha maradhi haya. Kadhalika dawa fulani za shinikizo la damu, dawa ya lithiamu na klorokwini iliyokuwa ikitumiwa sana dhidi ya malaria. Anayeshuku dawa yake amwone daktari kwanza. Asiiache kwa hiari yake.

Kwa hivyo, si haki kumwambia mgonjwa kwamba amejiletea maradhi kwa kuwaza kupita kiasi. Lawama kama hiyo humwongezea mzigo mwingine.

Mduara wa mateso

Isitoshe, soriasisi yenyewe huzaa msongo wa mawazo. Kuwashwa humnyima mgonjwa usingizi. Mchana hulazimika kuvaa mikono mirefu hata jua linapochoma. Ndani ya matatu, abiria aliyeketi kando yake husogea. Sokoni, mteja husita kupokea chenji kutoka mkononi mwake. Hakuna anayetamka neno, lakini akufukuzaye hakwambii toka.

Uoga huu una mizizi mirefu. Kwa karne nyingi soriasisi ilichanganywa na ukoma, hadi daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoitenganisha nao mwaka 1841. Mnamo Mei 2014, mkutano mkuu wa WHO ulipitisha azimio lililoutambua ugonjwa huu kuwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na usio na tiba ya kuumaliza.

Soriasisi haiambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kutumia taulo moja. Hata hivyo, mabaka huleta kutengwa, kutengwa huleta dhiki, nayo dhiki huweza kuyachochea mabaka. Mduara huu ndio unaopaswa kukatwa, na hauwezi kukatwa kwa mafuta ya kupaka pekee.

Kuukata mduara

Matibabu ya ngozi hutangulia. Kuna mafuta na krimu za kupaka, tiba ya mwanga maalumu, vidonge kama methotrexate vinavyohitaji uangalizi wa karibu wa daktari, na sindano za kisasa ambazo bei yake wengi hawaimudu. Mgonjwa ajihadhari na krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela: kuzitumia kwa muda mrefu kisha kuziacha ghafla huweza kuyarejesha mabaka kwa ukali zaidi. Ajizuie pia kujikuna, maana jeraha jipya huweza kuzaa baka jipya. Viungo vikianza kuuma au kukakamaa asubuhi, asichelewe kumwona daktari, kwa kuwa maradhi haya hudhuru viungo pia.

Utulivu wa akili nao una nafasi yake. Mwaka 1998, Jon Kabat-Zinn na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 37 waliokuwa wakipata tiba ya mwanga. Waliosikiliza kanda ya mafunzo ya kutuliza fikira wakati wa tiba hiyo walipata nafuu upesi kuliko wenzao. Idadi hiyo ni ndogo, na hakuna aliyeachishwa tiba yake. Funzo lake ni kwamba utulivu husaidia dawa. Hauchukui mahali pake.

Kulala vya kutosha, kufanya mazoezi, kupunguza pombe na kumfungulia moyo mshauri au mtu unayemwamini ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa wengi. Mgonjwa anayelemewa na huzuni kwa majuma kadhaa amweleze daktari waziwazi, na daktari anayetazama mabaka aulize pia kuhusu usingizi, kazi na nyumbani.

Oktoba 29 ya kila mwaka huadhimishwa kote duniani kuwa siku ya soriasisi. Lakini jamaa, jirani na abiria hawana haja ya kuisubiri siku hiyo. Kumpa mgonjwa mkono na kuketi kando yake hakugharimu hata senti moja, na huenda kukampunguzia dhiki ambayo dawa ya kupaka haiwezi kuifikia.