Kuanguka kwa Mti si Mwisho wa Msitu

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hekima hiyo yafaa ikumbukwe na kila mwananchi anayeutazama mlima baada ya tufani, akaona miti mikubwa imelala chini na mizizi yake imeelekea mbinguni, akahukumu kwamba msitu umekwisha. La hasha! Msitu haujaisha. Lakini waweza kumalizwa, na mara nyingi anayeumaliza si upepo.

Jambo hili lawahusu kwa pamoja wakazi wa Tukuyu walioko mlimani na ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia walioko baharini. Wa huku wana msitu wa Rungwe, na wa huko wana misitu ya Jozani na Ngezi pamoja na mashamba ya mikarafuu na minazi. Wote wanaishi kwa rehema ya mvua, na wote wanaijua hasira yake.

Mji wa Tukuyu umekaa chini ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu meta 2,960. Mlima huu ni wa volkano, na udongo wake umetokana na majivu na mawe mepesi ya moto yaliyotapikwa zamani. Mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa huishia katika miteremko yake ya kusini-mashariki, ambako mvua yaweza kufika milimita 3,000 kwa mwaka. Ndiyo siri ya migomba, chai na maparachichi ya Rungwe kustawi. Ndiyo pia asili ya hatari yake, kwani udongo wa majivu ukishiba maji huwa mzito na kuteleza. Vimbunga vya baharini haviufikii mlima huu kwa nguvu vilizo nazo pwani, lakini mvua za masika zenye upepo mkali, mvua ya mawe na maporomoko ya udongo si mambo mageni huku. Maji yanayoshuka kwa Mto Kiwira huishia Kyela na ziwani, kwa hiyo jeraha la mlimani ni maradhi ya bondeni.

Sasa tujiulize, tufani ikipita msituni hufanya nini hasa? Chini ya miti iliyokomaa, iliyoshikana matawi kama paa la nyumba, mwanga wa jua unaofika ardhini ni kama asilimia 1 au 2 tu. Miche midogo huweza kukaa katika giza hilo kwa miaka mingi bila kukua, kana kwamba inangoja zamu yake. Mti mkubwa uangukapo, paa hutoboka, jua huingia, udongo hupata joto, na zamu hiyo hufika.

Hapo msitu hurudi kwa njia tatu. Kwanza, miche iliyokuwa ikingoja hurefuka kwa kasi. Pili, mbegu zilizolala ardhini, pamoja na zile zinazoletwa na ndege, nyani, popo na upepo, huota. Tatu, miti iliyovunjika lakini haikufa huchipua upya kutoka kisikini au mizizini. Mkulo wa milima yetu, kwa mfano, ni hodari wa kutoa machipukizi ya mizizini, na mti mzee ukianguka huweza kuacha watoto wengi kandokando yake. Hata shimo linaloachwa na mizizi iliyong'oka lina kazi yake. Huko udongo wa chini hufunuliwa, na mbegu ndogo ambazo zisingeweza kupenya zulia la majani makavu hupata mahali pa kushika.

Miti ya kwanza kujaza pengo ni ile ipendayo jua. Mbao zake ni nyepesi, hukua upesi, huzaa mapema na kufa mapema. Chini ya kivuli chake huja ile ya polepole, yenye mbao ngumu, ambayo huishi miaka mingi. Kwa hiyo msitu wenye mapengo ya umri mbalimbali huwa na mimea ya kila tabia, ya jua na ya kivuli, vijana kwa wazee. Mwaka 1978 mwanabiolojia wa Kimarekani, Joseph Connell, alitoa hoja kwamba wingi wa aina za viumbe katika misitu ya tropiki na katika matumbawe ya bahari hufikia kilele pale misukosuko inapokuwa ya kiasi. Misukosuko ikikosekana kabisa, aina chache zenye nguvu hutawala. Ikizidi mno, hubaki zile tu zinazovumilia kila kitu. Wataalamu wamebishana juu ya hoja hiyo tangu wakati huo, na si kila msitu unaoitii. Lakini yatosha kutufundisha kwamba upepo si adui wa msitu kwa kila hali.

Adui ni lile linalofuata baada ya upepo. Pengo likiwa dogo, msitu hulifunga wenyewe. Likiwa kubwa, au likifunguliwa tena kabla halijafunga, hushikwa na kangaga, mitambaazi, miiba na mianzi, na mche wa mti hauwezi kuinua kichwa. Mtu akiingia na shoka kuchukua mti ulioanguka, hukata na ule uliosimama jirani, na magogo yanayoburutwa husaga miche iliyokwisha kungoja miaka mingi. Moto wa kiangazi ukipita juu ya matawi makavu, huua mbegu na machipukizi kwa pamoja. Na mteremko ukiporomoka, udongo wenyewe huondoka, na kinachobaki ni mwamba ambao huanza upya na kuvu, majani na vichaka kwa miaka mingi.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana katika kisiwa cha Puerto Rico. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kiliupiga msitu wa Luquillo, kikaivunja miti na kuipukutisha majani. Miti mingi iliyovunjika ilichipua tena. Lakini wachunguzi walipolinganisha sehemu za msitu huo waligundua kwamba aina za miti zilizomo zilitegemea zaidi mahali palipokatwa na kulimwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuliko mahali palipopigwa na kimbunga. Alama ya tufani ilikuwa ikififia, hali alama ya jembe na shoka ilikuwa bado inasomeka baada ya miongo mingi.

Ndugu zetu wa visiwani wana ushahidi wao, tena wa zamani zaidi. Mwezi Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliiangukia Unguja na kuteketeza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba kwa kiasi kikubwa ilisalimika, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa kisiwa kikuu cha karafuu. Mahali pengi pa misitu ya asili palikuwa pamefyekwa ili kupanda mti mmoja, wa umri unaokaribiana. Upepo ulipokuja, uliikuta mikarafuu ile imesimama kama askari wa mstari mmoja, ikaanguka pamoja. Na kwa kuwa hapakuwa na msitu wa kuirudisha, ilibidi kupanda upya kwa mkono na kungoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma tena. Shamba hungoja mwenyewe alirudishe. Msitu wa asili hujirudisha.

Tusidhani kwamba hayo ni ya kale tu. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kilisumbua Mafia na pwani ya kusini Mei 2024. Kimbunga Freddy, mwezi Machi 2023, kilipenya bara hadi kwa majirani zetu wa Malawi, kikaporomosha milima na kuua mamia ya watu. Desemba ya mwaka huo huo tope la Mlima Hanang, ambao nao ni wa volkano, liliufunika mji wa Katesh. Hewa ikizidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo hushuka kwa kishindo. Yatupasa kujiandaa kwa mapengo mengi zaidi katika misitu yetu.

Kwa Rungwe, kinachoweza kupotea ni kikubwa. Mwaka 2003 watafiti waligundua katika mlima huu nyani ambaye sayansi haikuwa imemjua, kipunji, na mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba wamebaki takriban 1,100 tu, katika Rungwe na Livingstone na katika msitu wa Ndundulu ulioko Udzungwa. Kipunji husafiri juu ya miti. Matawi yakiachana naye hukwama, na asipopita, mbegu alizozoea kuzieneza hazipiti pia. Ndiyo maana ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone, una thamani kuliko udogo wake. Msitu uliotengwa ukipigwa na tufani hauna jirani wa kumwazima mbegu.

Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, na jambo hilo lilistahili pongezi. Lakini tangazo halizuii shoka. Tunawaomba viongozi wa wilaya, halmashauri na Wakala wa Huduma za Misitu wazingatie mambo manne. La kwanza, mti ulioangushwa na tufani ndani ya hifadhi uachwe ulale pale ulipo. Kuoza kwake ni chakula cha miche. La pili, mwaka wa kwanza na wa pili baada ya tufani uwe wakati wa kuzidisha doria ya moto, kwani ndipo kuni kavu zinapokuwa nyingi. La tatu, mapengo yasijazwe kwa misindano wala mikaratusi kwa nia njema ya "kurudisha miti". Pale mbegu zinapokosekana kabisa, ipandwe miti ya asili ya mlima huu huu, kutoka vitalu vya vijiji. La nne, vipimwe viwanja vichache vya kudumu, miti yake ihesabiwe kila baada ya miaka kadhaa, ili uamuzi utokane na hesabu.

Wananchi nao wasiachiwe mzigo mtupu. Anayeishi pembezoni mwa msitu huhitaji kuni na mbao kama mwingine yeyote. Akiambiwa asiuguse mti ulioanguka, basi awe na miti yake shambani, na halmashauri imsaidie kuipata.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, wito ni huo huo. Jozani na Ngezi ni ghala la mbegu la visiwa, na mikarafuu inayopandwa ichanganywe na miti mingine, ili upepo ujao usikute tena mstari mmoja wa askari. Tufani hatuwezi kuizuia. Tunachoweza kuchagua ni hali itakayoukuta msitu siku ile, na yale tutakayoyafanya kesho yake asubuhi.