Usije ukawasha taa, ukaliwasha na gari!

Kuna ugonjwa umeingia mjini na dawa yake haijapatikana. Kijana akishajikakamua akapata gari la kupanda milima, iwe Suzuki Escudo kuukuu, Prado au Land Rover aliyoachiwa na mzee, wiki ya pili tu utamkuta Kariakoo anaulizia ngao, taa za ziada, keria na snokeli. Safari ndefu ya gari lenyewe ni Tabata hadi Posta na kurudi, lakini ukiliona limepaki utadhani kesho alfajiri linavuka Serengeti.

Simcheki mtu, maana ugonjwa huo hata mimi ninao. Na wala si wa leo. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na enzi hizo yalikuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipita vijijini yakiwa na ngao puani na taa kubwa kama sahani, watu wamejipanga pembeni wanapiga vigelegele. Shekhar Mehta wa Kenya aliyashinda mara 5, na nakuhakikishia kwamba kila kilichofungwa kwenye gari lake kilikuwa na kazi. Sisi tumechukua sura, kazi tumeiacha hukohuko.

Vingi ya vikorombwezo hivi unaweza kuvifunga mwenyewe nyumbani, Jumamosi, uani, ukiwa na spana, drili na mdogo wako wa kukushikia tochi. Raha yake usipime. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawakwambii wakati unahesabu noti, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Jambo lenyewe ni moto. Tena ule wa kuunguza, si wa mapenzi.

MOSHI NJIA YA BAGAMOYO

Jirani yangu mmoja, jina namhifadhia, alifungiwa taa 4 mbele ya Prado yake. Kila moja ilikuwa ya wati 100. Fundi aliyemfungia alitumia dakika arobaini tu na kusifiwa kwa kuwa ana mkono mwepesi. Usiku huohuo tukaenda kuzijaribu njia ya Bagamoyo, mimi nimekaa kushoto, yeye kwenye usukani, muziki juu.

Jamani, zilikuwa zinawaka! Hata mbuzi aliyelala mita mia mbili mbele tulimwona. Hazikupita dakika kumi nikasikia harufu kama ya ndala iliyotupwa jikoni. Nikadhani ni ya nje. Kidogo moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya dashibodi, upande wa miguu yake. Jirani akazima swichi, lakini swichi ilishayeyuka, taa zikaendelea kuwaka kama kawaida. Akafunga breki, tukaruka nje, akafungua boneti. Bahati nzuri kichwa cha betri kilikuwa kimelegea, akakikamata kwa shati na kuking'oa. Giza likaingia, moshi ukapungua. Tulikaa pembeni ya barabara bila kusema neno.

Kulipokucha tulifuatilia waya. Ulitoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye swichi ndani, kisha ukarudi nje kwenye taa. Ulikuwa mwembamba, wa aina ile ya kuungia spika za redio. Fyuzi? Hakuna hata moja.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Taa 4 za wati 100 ni wati 400. Gawanya kwa 12, unapata ampea 33 na ushee. Mzigo huo wote ulikuwa unapita kwenye kiwaya cha spika na swichi ndogo ya plastiki. Lazima kitu kiyeyuke.

MJOMBA AINGIA KAZINI

Nina mjomba aliyekula miaka mingi kwenye umeme wa magari, sasa amestaafu. Tukampelekea gari. Jirani akamwamkia, "Shikamoo mzee," mjomba akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akainama kwenye boneti na kunyamaza muda mrefu kuliko tulivyopenda.

"Wanangu," akasema mwishowe, "umeme wa betri ukiugusa haukurushi kama ule wa nyumbani, ndiyo maana mnaudharau. Lakini kwa kuunguza, huyu ni baba lao."

Tulishinda naye siku nzima pale uani. Alivyotuelekeza nakumegea na wewe, msomaji wangu.

Kwanza, jua gari lako lina volti ngapi. Watu wengi hawaulizi. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zinazotoka Japani zina betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24. Ukifunga humo taa za volti 12 zitaungua siku hiyohiyo, na utamlaumu muuzaji bure.

Pili, kabla hujagusa waya wowote chomoa kichwa cha hasi cha betri. Hasi ndiyo ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, halafu spana ikagusa bodi, utaona cheche za kukutoa machozi.

Tatu, fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shibiri moja. Wengi huiweka kule karibu na taa, eti inalinda taa. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa chuma kabla ya kufika kwenye fyuzi, umeme hauna wa kuukatiza njia, na waya unageuka kuwa koili ya jiko.

Nne, tumia rilei. Hiki ni kidude kidogo cheusi cha mraba ambacho kinabeba mzigo mkubwa ili swichi yako ibebe mdogo. Ukikigeuza chini utaona namba. Namba 30 inapokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Namba 87 inaupeleka kwenye taa. Namba 86 inatoka kwenye swichi, na 85 inakwenda kwenye bodi. Ukishika namba hizo nne, hakuna fundi atakayekubabaisha tena.

Tano, gawa mzigo. Taa zile 4 mjomba alizigawa mbilimbili, kila jozi na rilei yake, fyuzi yake ya ampea 25 na waya wa milimita 4 za mraba. Fyuzi zenyewe zina rangi ili usichanganye. Ya 15 ni ya bluu, ya 20 ni ya njano, ya 25 ni nyeupe ya kuonyesha ndani, na ya 30 ni ya kijani. Ikiungua, usiiongezee ukubwa, na usithubutu kuweka msumari au karatasi ya sigara. Itafute sababu.

Sita, pale waya unapopenya kwenye bati kuingia ndani, weka raba kwenye tundu. Bati lina makali kama wembe, na gari likitikisika kwa miezi sita kwenye mashimo yetu, ngozi ya waya itakwisha tu. Na pale unapofunga waya wa bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, kutu haichelewi.

Ukimaliza, washa taa robo saa injini ikiwa inaunguruma, halafu papasa waya wote kwa kiganja. Ukiwa vuguvugu, sawa. Ukikufanya uondoe mkono, huo ni mwembamba, anza upya. Swichi nayo chukulia umeme wake kwenye taa kubwa za gari, ili ukishusha mwanga kumpisha mwenzako, na hizo nyingine zizime. Dereva wa basi uliyempofusha ni hatari kuliko giza lenyewe.

Siku hizi kuna taa za LED ambazo zinakula umeme kidogo kwa mwanga uleule. Nazipenda. Lakini fyuzi iko palepale, maana waya uliochubuka hauulizi ulikuwa unapeleka umeme kwenye taa ya aina gani.

NGAO, KERIA NA ILE SNOKELI

Ngao ya chuma inapendeza, sikatai. Ila inafungwa kwenye chasisi, si kwenye bampa wala bati. Kilo nazo si haba. Pua ya gari ikishainama, springi zako zinalia kila tuta. Kama gari lina mifuko ya hewa, ulizia ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo hasa, kwa sababu chuma kigumu mbele kinaweza kuchanganya vile vihisio vinavyoamua mfuko ufumuke saa ngapi. Na kumbuka uko mjini. Ngao haijui tofauti ya nyati na kijana wa bodaboda.

Keria hesabu yake ni rahisi. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40. Ongeza tairi la akiba, hema, jiko na keria yenyewe, umeshambebesha mtu mzima mwenye kitambi juu ya paa. Escudo ni fupi na nyembamba. Uzito ukikaa juu, kona uliyozoea kuikata kwa 80 inakukata wewe. Vizito weka ndani, chini. Juu weka hema na magodoro.

Snokeli ndiyo inayodanganya watu zaidi. Kazi yake ni kuinua mdomo wa kuvutia hewa hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji wala vumbi jingi. Maji hayasindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, pistoni inapanda inakuta ukuta, na koneksheni inapinda. Kuifunga kunataka kutoboa bawa la gari, kwa hiyo pima kwa boksi la karatasi mara mbili kabla drili haijagusa bati. Ukishatoboa, paka rangi kingo za tundu, na kila kiungo kizibwe kwa silikoni.

Utajuaje kama imekubali? Injini ikiwa inaunguruma polepole, ziba mdomo wa snokeli kwa kibao bapa. Usitumie kiganja, inavuta kwa nguvu. Injini ikikohoa na kuzima, umefunga vizuri. Ikiendelea kuunguruma kwa raha zake, hiyo ni pambo, inavuta hewa kwingine, na maji yatapita hukohuko.

Hata ikiwa imefungwa vizuri, isikupe kiburi cha kuingia Jangwani masika maji yamejaa. Snokeli inainua hewa tu. Altaneta, nyaya na wewe mwenyewe bado mko chini, na maji yanayokimbia yanabeba gari zima pamoja na urembo wake.

ANZA NA VIDOGO

Ukiniuliza mimi, kabla hujanunua taa hata moja nunua boksi la fyuzi, rilei mbili, waya mnene na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi huo uufunge mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa kwenye usukani, si nyuma chini ya mabegi. Hivyo havionekani na hakuna demu atakayekusifia rilei. Lakini ndivyo vinavyoamua kama safari ya Lushoto mtarudi na picha au mtarudi kwa lifti.

Na kama gari lako lilishafungwa vikorombwezo kabla hujalinunua, leo jioni fungua boneti. Fuata kila waya wa ziada kutoka kwenye betri kwa kidole. Kama kidole chako kimetembea zaidi ya shibiri moja bila kukutana na fyuzi, chomoa waya huo kwanza, ndipo ukale chakula cha usiku.