Mpangaji wa mwezi hadi mwezi adai nini katika mkataba?

MPANGAJI anayelipa kodi kila mwezi katika nyumba za Ngamiani, Makorora au Chumbageni jijini Tanga mara nyingi hana kinga nyingine mkononi zaidi ya neno la mwenye nyumba. Neno hilo likibadilika, huambiwa afungashe virago kabla ya wiki kwisha.

Hata hivyo, kukosa maandishi hakumfanyi mtu huyo kuwa mvamizi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaruhusu upangaji usiozidi mwaka mmoja ufanywe kwa mdomo, na anayelipa kodi bila muda kutajwa huhesabiwa kuwa mpangaji wa kipindi anacholipia. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Tatizo ni kwamba mwezi huo ndio ngao yake karibu yote. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi ni mapatano ya pande mbili.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kudai ni notisi ndefu zaidi, miezi miwili au mitatu, ya maandishi, nayo ihusu pia kupandisha kodi. Mwenye nyumba akisita, mpangaji anaweza kuahidi kutoa notisi kama hiyo atakapotaka kuhama, au kulipa miezi mitatu kwa mkupuo. Fedha hizo zisitoke kabla ya saini. Wengi hulipa kwanza, karatasi wakaiomba baadaye, wakati hawana tena cha kujadiliana nacho.

Katika nyumba za vyumba vinavyotazamana, ambako mita ya Luku ni moja kwa wapangaji wote, mkataba useme pia nani ananunua umeme na kwa mgawanyo gani. Ugomvi mwingi huanzia hapo, si kwenye kodi.

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa hukataliwa kuwa ushahidi.

Mgogoro ukizuka, hatua ya kwanza ni Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji aende na mkataba, stakabadhi za kodi na notisi aliyopewa.