Dinamo ya Baiskeli Darasani

Aghalabu tunawasikia wanafunzi wakikariri kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika tu. Wakiulizwa maana yake, hunyamaza. Kosa si lao. Ni letu sisi tuliowapa maneno kabla ya jambo lenyewe. Twapendekeza somo hili lianzie kwenye baiskeli yenye dinamo.

Mwalimu aipindue baiskeli kichwachini, dinamo ikigusa tairi la nyuma, waya wa balbu ukiwa umechomolewa. Mwanafunzi azungushe kanyagio kwa mkono, kisha aache. Wenzake wahesabu mpaka gurudumu lisimame. Waya urudishwe, naye azungushe kwa kasi ile ile. Balbu itawaka, lakini mkono utaona uzito, na gurudumu litasimama mapema zaidi. Vidole visikaribie spoki wala mnyororo.

Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Na aulize: "Kwa nini gurudumu limechoka upesi?" Majibu yakisha kutolewa, ndipo aeleze kuwa ndani ya dinamo sumaku huzunguka karibu na koili ya waya wa shaba, na hivyo umeme huzalishwa. Balbu inapoutumia umeme huo, sumaku hukinzwa. Kwa hiyo nuru imelipiwa na mkono. Mkono umelipiwa na ugali. Na mahindi yamelipiwa na jua.

Tuwatahadharishe pia wasidhani kwamba huu ni umeme wa bure. Dinamo ya kawaida hutoa wati 3 hivi. Pasi ya wati 1,000 ingehitaji dinamo zaidi ya 300!

Hata hivyo, kidogo hicho kina kazi. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alianza kubuni redio isiyohitaji betri: msikilizaji huijaza kamani kwa mkono, nayo ikijikunjua huzungusha dinamo. Nchini Malawi, njaa ya 2001 na 2002 ilimfanya kijana William Kamkwamba aache shule kwa kukosa ada. Alisoma vitabu vya maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa feni ya trekta, vipande vya baiskeli na dinamo, akawasha taa nyumbani kwao.

Basi somo lifungwe kwa swali, si kwa maelezo: mkono ukichoka, ni kitu gani kijijini petu kiwezacho kuizungusha dinamo hii?