Kwa Wanaoanza Kuvua Pweza kwa Mkuki



Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na baina ya mavuno na mavuno nyumba hutaka kitoweo. Ndiyo sababu wakulima wengi wa vijiji vya pwani hushika mkuki wa pweza. Twaona yafaa kuwaeleza wale wanaoanza, kwa maana kazi hii huonekana nyepesi kwa mtu anayeitazama akiwa pwani.

Kwanza ni chombo. Twasema mkuki, yaani ufito wa chuma wenye ncha, ushikwao kwa mkono. Hatusemi bunduki ya kuvulia, ambayo sheria ya Zanzibar imeikataza. Chukua fito mbili: mmoja wa kupapasia tunduni, wa pili wa kuchomea. Vaa viatu vya kufunga, kwani mwambani wako samaki wenye miiba ya sumu wafananao kabisa na mawe.

Pili ni maji. Wakati wake ni bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, na kila siku hukawia kiasi cha dakika 50. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vyema. Shuka pamoja na maji yanayopwa, nayo yakigeuka, geuka nawe, hata kama umekwisha kuona tundu. Maji hayaji kwa mbele tu. Hupita mikondoni yakajaza mabonde nyuma yako, nawe ungali umeinama. Bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Kwa hiyo usiende peke yako.

Tatu ni macho. Walimu hodari ni akina mama wa pwani, ambao wamefanya kazi hii tangu zamani. Wao hawamtafuti pweza, huutafuta mlango wake: makombe na magamba ya kaa aliowala, na vijiwe alivyovivuta kujizibia. Papasa kwa ufito. Akiushika, mchome kwa ule wa pili, kisha mchome baina ya macho afe mara moja. Usitie mkono, kwani mkunga naye hukaa katika matundu kama hayo. Wala usivunje matumbawe kwa mtaimbo: tundu zima hupata mpangaji mwingine, lililovunjwa halipati.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni kujua wa kuachwa. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Huyatundika mayai juu ndani ya tundu, huyalinda bila kula, na yakisha kuanguliwa hufa. Ukiona mayai hayo, mfano wa vishada vya punje nyeupe, ondoka. Anayemwua mama huyo ni sawa na mchumaji aukataye mkarafuu ili apate tawi moja. Na mdogo asiyefika nusu kilo aachwe vilevile.

Vijiji kadhaa vya Pemba, Kisiwa Panza kikiwa kimojawapo, vimepata kufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi 3. Pweza hukua upesi mno, basi kwa muda huo aliye mdogo huongezeka uzito mara nyingi, na siku ya kufungua hufaidi wote. Kabla hujashuka mara ya kwanza, waulize kamati ya wavuvi ya shehia yako ni mwamba upi uliofungwa. Aingiaye humo kwa siri hamwibii Serikali. Huwaibia jirani zake waliovumilia.

Sisi hupanda mche wa mkarafuu tukaungoja miaka sita au zaidi ndipo uzae. Kumngoja pweza miezi mitatu hakutatushinda.