Damu ya Fizi na Vali za Moyo

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ukoga, ule utando wa bakteria unaoganda shinani mwa jino mpaka mswaki hauutoi tena. Leo tuufuate unakoelekea, maana madhara yake hayaishii kinywani.

Mtu akitema povu la dawa ya meno akaona lina wekundu, aghalabu hufanya kinyume cha inavyotakiwa: hupaacha mahali pale pasiguswe, eti papumzike. Ukoga unabaki, ufizi unazidi kuvimba, na baada ya siku chache akitafuna muwa anaacha damu kwenye kijiti. Ufizi mzima hautoki damu kwa mswaki laini. Unaotoka damu una kidonda, hata kama hauumi, na bakteria hupitia humo kuingia kwenye mishipa ya damu.

Kwa wengi wetu kinga ya mwili huwamaliza kwa dakika chache. Hofu yangu ni kwa mwenye kasoro ya vali za moyo, na Afrika Mashariki hao si haba, kwa kuwa watoto bado wanaugua maambukizi ya koo ya streptokoki yasiyotibiwa ipasavyo; koo hupona, kovu likabaki kwenye vali. Bakteria wa kinywani hunasa kwenye kovu hilo na kujenga vinundu. Kipande kikimeguka kikafika ubongoni, huleta kiharusi.

Ndiyo maana anayesubiri kuwekewa vali bandia hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno. Ndugu zake hushangaa: moyo ndio mbovu, meno yameingiaje? Jino lililooza hung'olewa kabla kifua hakijafunguliwa. Na akishawekewa vali hiyo, kila anapokwenda kung'oa jino sharti aseme, ili apewe kinga. Kwa mtu mzima, kwa kawaida ni amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Si dawa ya kujinunulia dukani.

Kisukari nacho kina uhasama wa pande mbili na fizi: sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikivimba sukari huwa ngumu kushuka. Ajabu ni kwamba wagonjwa wengi hukaguliwa miguu na macho, kinywa kikasahaulika.

Wiki ijayo: maji yenye floridi nyingi na meno ya kahawia ya Arusha.